Kenya katika Kombe la Dunia la Kriketi 2003

Kenya katika Kombe la Dunia la Kriketi 2003 ni makala kuhusu ushiriki wa timu ya taifa ya kriketi ya Kenya katika mashindano yaliyofanyika kuanzia tarehe 9 Februari hadi 23 Machi 2003 nchini Afrika Kusini, Zimbabwe na Kenya. Timu hiyo iliongozwa na nahodha Steve Tikolo. Kocha wake alikuwa Sandeep Patil, aliyekuwa mchezaji wa Uhindi iliyotwaa kombe hilo mwaka 1983.

Kenya ilifika nusu fainali, ambako ilifungwa na Uhindi. Hadi leo ndiyo nchi pekee isiyo na hadhi ya kucheza mechi za Test iliyofika nusu fainali ya Kombe la Dunia la wanaume la ova 50.

Mafanikio hayo yalizua mjadala ambao haujaisha kati ya mashabiki wa kriketi. Wapo wanaosema Kenya ilibebwa na pointi za mezani baada ya New Zealand kukataa kwenda Nairobi. Wapo wanaosema kiwango cha timu kilitosha, kwa kuwa ilizifunga uwanjani nchi tatu zenye hadhi ya Test. Mjadala huo ulikuwa na uzito kwa sababu ulihusu pia swali kubwa zaidi: je, Kenya ilistahili kupandishwa daraja katika kriketi ya kimataifa?

Maelezo mafupi ya mchezo

Katika mechi za Kombe la Dunia kila timu hupewa ova 50. Ova moja ni mipira 6 inayorushwa na mrushaji mmoja. Timu inayopiga hukusanya mbio, na timu inayorusha hujitahidi kuwatoa wapigaji. Kila mpigaji anapotolewa, timu yake hupoteza wiketi moja. Zamu ya kupiga huisha ova zinapokwisha au timu inapopoteza wiketi 10.

Matokeo huandikwa kwa namba mbili. Kwa mfano 210/9 maana yake ni mbio 210 kwa kupoteza wiketi 9. Timu iliyopiga kwanza ikishinda, ushindi huhesabiwa kwa tofauti ya mbio. Timu iliyopiga ya pili ikishinda, ushindi huhesabiwa kwa idadi ya wiketi ilizobakiza. Vivyo hivyo, takwimu za mrushaji kama 5/24 maana yake ni kwamba alipata wiketi 5 na kuruhusu mbio 24.

Test ni aina ya mechi inayoweza kuchukua hadi siku 5. Ni nchi chache tu zenye ruhusa ya kuicheza. Mwaka 2003 zilikuwa 10. Nchi yenye hadhi hiyo hupata mechi nyingi zaidi, mapato makubwa zaidi na sauti zaidi katika Baraza la Kimataifa la Kriketi (ICC). Kenya haikuwa miongoni mwao.

Kenya kabla ya mwaka 2003

Wachezaji wa Kenya walishiriki Kombe la Dunia la kwanza mwaka 1975 nchini Uingereza wakiwa ndani ya timu ya Afrika ya Mashariki. Timu hiyo iliunganisha wachezaji wa Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia. Ilipoteza mechi zake zote tatu, dhidi ya New Zealand, Uhindi na Uingereza. Mwaka 1981 Kenya ilijiunga na ICC kama mwanachama wa pekee yake.

Kenya ilishiriki Kombe la Dunia kwa jina lake mara ya kwanza mwaka 1996. Tarehe 29 Februari mwaka huo, mjini Pune nchini Uhindi, iliishangaza West Indies. Kenya ilipata mbio 166 tu, lakini West Indies ilitolewa yote kwa mbio 93. Nahodha Maurice Odumbe alichaguliwa kuwa mchezaji bora wa mechi. Baadaye Kenya iliifunga Uhindi mara mbili, mjini Gwalior mwaka 1998 na mjini Port Elizabeth mwaka 2001.

Hata hivyo kiwango hakikuwa thabiti. Katika Kombe la Dunia la 1999 Kenya ilipoteza mechi zake zote tano. Miaka miwili kabla yake, katika fainali ya Kombe la ICC mwaka 1997 mjini Kuala Lumpur, ilifungwa na Bangladesh kwa wiketi 2. Bangladesh ikapewa hadhi ya Test mwaka 2000, huku Kenya ikibaki nje. Kwa hiyo timu ilipoondoka kwenda mashindano ya 2003, wachache walitarajia ivuke hatua ya makundi.

Kikosi

Kikosi kilikuwa na wachezaji 15: Steve Tikolo (nahodha), Joseph Angara, Aasif Karim, Hitesh Modi, Collins Obuya, David Obuya, Thomas Odoyo, Maurice Odumbe, Peter Ongondo, Kennedy Otieno, Brijal Patel, Ravi Shah, Martin Suji, Tony Suji na Alpesh Vadher.

Kennedy Otieno, David Obuya na Collins Obuya ni ndugu watatu wa familia moja. Martin na Tony Suji pia ni ndugu. Aasif Karim, mzaliwa wa Mombasa, alikuwa na umri wa miaka 39 na alikuwa ameshastaafu kabla ya kurudishwa kikosini. Aliwahi pia kuiwakilisha Kenya katika tenisi kwenye Kombe la Davis.

Hatua ya makundi

Kenya ilipangwa Kundi B pamoja na Afrika Kusini, Sri Lanka, New Zealand, West Indies, Bangladesh na Kanada. Ushindi ulikuwa na pointi 4. Timu tatu za kwanza za kila kundi zilikwenda hatua iliyofuata, iliyokuwa ya timu sita bora.

Matokeo ya Kenya yalikuwa haya:

- 12 Februari, Potchefstroom: Kenya 140, Afrika Kusini 142/0. Afrika Kusini ilishinda kwa wiketi 10.
- 15 Februari, Cape Town: Kanada 197, Kenya 198/6. Kenya ilishinda kwa wiketi 4.
- 21 Februari, Nairobi: New Zealand haikufika. Kenya ilipewa ushindi.
- 24 Februari, Nairobi: Kenya 210/9, Sri Lanka 157. Kenya ilishinda kwa mbio 53.
- 1 Machi, Johannesburg: Kenya 217/7, Bangladesh 185. Kenya ilishinda kwa mbio 32.
- 4 Machi, Kimberley: West Indies 246/7, Kenya 104. West Indies ilishinda kwa mbio 142.

New Zealand kukataa kwenda Nairobi

Tarehe 28 Novemba 2002 magaidi walishambulia hoteli ya Paradise huko Kikambala, karibu na Mombasa. Siku hiyohiyo walijaribu kuiangusha ndege ya abiria ya Israel ilipokuwa ikiondoka Mombasa. Kwa kutaja hofu ya usalama, New Zealand ilikataa kucheza Nairobi. ICC haikukubali kuihamisha mechi, na Kenya ikapewa pointi 4. Katika mashindano hayohayo Uingereza ilikataa kucheza mjini Harare, na Zimbabwe nayo ikapewa pointi kwa njia hiyo.

Ushindi dhidi ya Sri Lanka

Siku tatu baada ya tarehe ambayo New Zealand ilipaswa kucheza, Sri Lanka iliingia uwanjani Nairobi Gymkhana na mechi ikachezwa kama ilivyopangwa. Sri Lanka ilikuwa bingwa wa dunia wa mwaka 1996. Kenya ilipiga kwanza na kufikisha mbio 210, Kennedy Otieno akipata 60. Idadi hiyo haikuonekana kutosha.

Aliyeibadilisha mechi ni Collins Obuya, mrushaji wa mipira inayozunguka, aliyepata wiketi 5 kwa mbio 24. Sri Lanka ilitolewa yote kwa mbio 157. Kwa mashabiki wengi wa Kenya hii ndiyo mechi kubwa zaidi kuwahi kuchezwa na timu yao katika ardhi ya nyumbani. Ilikuja pia wakati nchi ilikuwa na matumaini mapya, miezi miwili baada ya Mwai Kibaki kuapishwa kuwa rais tarehe 30 Desemba 2002.

Siku tano baadaye Kenya iliifunga Bangladesh. Maurice Odumbe alipata mbio 52 bila kutolewa, kisha akachukua wiketi 4.

Msimamo wa Kundi B

Sri Lanka ilimaliza ya kwanza kwa pointi 18. Kenya ilikuwa ya pili kwa pointi 16, sawa na New Zealand. West Indies na Afrika Kusini zilipata pointi 14 kila moja na kutolewa. Kanada ilipata 4 na Bangladesh 2.

Hatua ya timu sita bora

Timu zilizofuzu zilikwenda na pointi kutoka makundi. Ushindi dhidi ya timu nyingine iliyofuzu ulihesabiwa pointi 4, na ushindi dhidi ya timu iliyotolewa ulihesabiwa pointi 1. Kenya ilianza na pointi 10: 4 za Sri Lanka, 4 za New Zealand, 1 ya Kanada na 1 ya Bangladesh. Ni Australia pekee iliyoanza na pointi nyingi zaidi, yaani 12.

- 7 Machi, Cape Town: Kenya 225/6, Uhindi 226/4. Uhindi ilishinda kwa wiketi 6.
- 12 Machi, Bloemfontein: Zimbabwe 133, Kenya 135/3. Kenya ilishinda kwa wiketi 7.
- 15 Machi, Durban: Kenya 174/8, Australia 178/5. Australia ilishinda kwa wiketi 5.

Mechi dhidi ya Zimbabwe ndiyo iliyoamua. Martin Suji alipata wiketi 3 na kuwa mchezaji bora. Kenya ilifikia lengo katika ova ya 26, ikiwa imebakiza karibu nusu ya ova zake. Kwa ushindi huo ilifikisha pointi 14, na hakukuwa tena na njia ya Sri Lanka au New Zealand kuifikia.

Dhidi ya Australia, Brett Lee alipata wiketi tatu kwa mipira mitatu mfululizo na Kenya ikaanza vibaya. Lakini Aasif Karim aliporusha, Australia ilikwama ghafla. Alirusha ova 8 na mipira 2, akaruhusu mbio 7 tu na kuchukua wiketi 3, ikiwemo ya nahodha Ricky Ponting. Alichaguliwa kuwa mchezaji bora wa mechi ingawa timu yake ilifungwa.

Nusu fainali

Nusu fainali ilichezwa Durban tarehe 20 Machi 2003. Uhindi ilipiga kwanza na kupata 270/4. Nahodha Sourav Ganguly alipata mbio 111 bila kutolewa, na Sachin Tendulkar alipata 83. Kenya ilitolewa yote kwa mbio 179, Tikolo akipata 56. Uhindi ilishinda kwa mbio 91. Siku tatu baadaye Uhindi nayo ilifungwa na Australia katika fainali mjini Johannesburg.

Mjadala wa mashabiki kuhusu kiwango cha timu

Hoja ya pointi za mezani

Wanaosema Kenya ilibahatika wana hesabu upande wao. Kama mechi ya tarehe 21 Februari ingechezwa na New Zealand ikashinda, Kenya ingemaliza kundi ikiwa na pointi 12. West Indies na Afrika Kusini, zenye pointi 14, zingeizidi, na Kenya isingefuzu. Hata katika hatua ya timu sita bora pointi hizo 4 zilikuwa na uzito. Bila hizo Kenya ingebaki na 10, wakati Sri Lanka ilimaliza na 11.5.

Kuna bahati nyingine zilizotajwa. Mechi ya West Indies na Bangladesh ilivunjwa na mvua, na West Indies ikapata pointi 2 badala ya 4. Afrika Kusini ilitoka sare na Sri Lanka katika mechi nyingine iliyokatizwa na mvua, baada ya wenyeji hao kukosea hesabu ya mbio walizohitaji. Wakati timu kubwa zikijikwaa, Kenya ilipita.

Hoja ya kiwango

Wanaoitetea timu husema kwanza kwamba Kenya haikuomba pointi hizo. Timu ilikuwa tayari uwanjani kwake, na aliyekataa kucheza ni mpinzani. Mechi isiyochezwa haina mshindi wa uwanjani, kwa hiyo kudhani kwamba New Zealand ingeshinda ni kudhani tu. Ni timu iliyoshindwa kuvuka hatua ya timu sita bora.

Pili, hutoa mfano wa mwaka 1996. Wakati huo Australia na West Indies zilikataa kwenda Colombo kwa sababu za usalama, na Sri Lanka ikapewa pointi za mechi zote mbili. Sri Lanka ikatwaa kombe, na ushindi wake huheshimiwa hadi leo. Kwa nini basi Kenya ihesabiwe tofauti?

Tatu, wanataja matokeo ya uwanjani. Kenya ilicheza mechi 9, ikashinda 4 na kupoteza 5. Kati ya timu 4 ilizozifunga, 3 zilikuwa na hadhi ya Test: Sri Lanka, Bangladesh na Zimbabwe. Bangladesh, iliyopewa hadhi hiyo mwaka 2000, ilimaliza mashindano bila ushindi hata mmoja.

Udhaifu wa upigaji

Kuna jambo ambalo pande zote mbili hukubaliana: Kenya ilikuwa imara zaidi katika kurusha na kudaka kuliko katika kupiga. Katika mechi 9 haikuwahi kuzidi mbio 225. Ilitolewa kwa 140 na Afrika Kusini na kwa 104 na West Indies. Ushindi wake mkubwa ulitokana na kuwabana wapinzani. Timu ya namna hii inaweza kushinda mechi yenye mbio chache, lakini mpinzani akifikisha 250 au zaidi inabaki nyuma, kama ilivyoonekana katika nusu fainali.

Jambo la pili ni umri. Odumbe na Karim walikuwa wachezaji wa miaka mingi, na Tikolo na Odoyo walikuwa tangu mashindano ya 1996. Swali lilikuwa nani angechukua nafasi zao. Collins Obuya alionekana kuwa jibu mojawapo, na mwaka huohuo alisajiliwa na klabu ya Warwickshire nchini Uingereza.

Yaliyofuata

Kenya haikupewa hadhi ya Test. Katika miaka iliyofuata ilipata mechi chache dhidi ya timu kubwa, na wachezaji wake wakaingia katika migogoro na viongozi kuhusu malipo. Agosti 2004 Maurice Odumbe alifungiwa miaka 5 kwa kushirikiana na mtu wa kamari. Mwaka 2005 Chama cha Kriketi cha Kenya kilibadilishwa na chombo kipya, Cricket Kenya.

Katika Kombe la Dunia la 2007 Kenya iliifunga Kanada lakini ikatolewa katika makundi. Mwaka 2011 ilipoteza mechi zake zote sita. Katika mashindano hayo Collins Obuya, sasa akiwa mpigaji zaidi kuliko mrushaji, alipata mbio 98 bila kutolewa dhidi ya Australia. Mwaka 2014 Kenya ilipoteza hadhi ya kucheza mechi rasmi za kimataifa za siku moja.

Kuporomoka huku kumetumiwa na pande zote mbili za mjadala. Wapo wanaouona kama uthibitisho kwamba nusu fainali ilikuwa ngekewa. Wengine husema sababu na matokeo vimegeuzwa: timu haikuporomoka kwa kuwa haikustahili, bali kwa kuwa haikupewa mechi za kutosha wala uongozi mzuri wakati kiwango chake kilikuwa juu. Hufananisha na Ireland na Afghanistan, ambazo zilipata mechi nyingi zaidi dhidi ya timu kubwa na kupewa hadhi ya Test mwaka 2017.

Kwa kuzingatia takwimu, pande zote mbili zina sehemu ya ukweli. Pointi za New Zealand ziliifungulia Kenya mlango wa hatua ya pili. Lakini bila ushindi dhidi ya Sri Lanka na Bangladesh pointi hizo zisingetosha kufuzu, na bila ushindi dhidi ya Zimbabwe Kenya ingekwenda nyumbani kabla ya nusu fainali.

Umuhimu katika Afrika ya Mashariki

Safari ya Kenya ilionyesha kwamba timu ya ukanda huu inaweza kushindana na mabingwa katika mchezo ambao, nje ya miji michache, hufuatwa na watu wachache kuliko kandanda. Baada ya Kenya kushuka, nafasi yake ilichukuliwa na jirani. Novemba 2023, katika mashindano ya kufuzu ya Afrika yaliyofanyika Namibia, Uganda ilifuzu kwa Kombe la Dunia la ova 20 la mwaka 2024. Kenya na Tanzania, zilizoshiriki pia, hazikufuzu.

Mwaka 2024 Uganda ilishinda mechi moja, dhidi ya Papua Guinea Mpya, na kutolewa kwa mbio 39 na West Indies na kwa mbio 40 na New Zealand. Mashabiki wakaanza tena swali la mwaka 2003: je, timu ndogo ipimwe kwa kipigo chake kikubwa au kwa ushindi wake? Kwa Kenya jibu la swali hilo lilichelewa, na mechi ambazo zingelitoa hazikupangwa.

Tazama pia

- Kriketi
- Kombe la Dunia la Kriketi
- Baraza la Kimataifa la Kriketi
- Steve Tikolo
- Michezo nchini Kenya